Tusiyafukie Marejea Yote: Nyuki Nao Wana Fungu Lao

Mkulima wa Songea akitajiwa marejea, kinachomjia kwanza akilini ni mbolea. Hakosei. Kwa takriban miaka 40 mmea huu umesifiwa kusini mwa Tanzania kwa kazi moja kubwa, nayo ni kuurudishia rutuba udongo uliochoka. Unapandwa, unakua, unakatwa, unafukiwa, kisha mahindi yanafuata. Wenye uzoefu nao hushauri ufukiwe mara maua ya kwanza yanapotokeza, maana wakati huo majani yangali laini, shina halijawa gumu, na vyote huoza upesi.

Kwa udongo, ushauri huo ni sahihi. Kwa nyuki ni msiba. Mmea unaangushwa katika wiki ileile ambayo ungeanza kuwalisha. Shamba lililokuwa karibu kugeuka manjano linarudi kuwa udongo mtupu, na wadudu waliolizoea wanakwenda kutafuta riziki mbali zaidi.

Makala haya yana ombi moja kwa kila mwenye shamba, bustani au hata uwanja mdogo nyuma ya nyumba mkoani Ruvuma: fukia marejea kwa ajili ya mahindi yako, lakini acha mstari mmoja uchanue mpaka mwisho.

Mwenyeji, si mgeni

Wataalamu wa mimea huyaita marejea Crotalaria ochroleuca. Ni ya jamii ya mikunde, kwa hiyo ni ndugu wa kunde, choroko na maharage. Jina hilo la kisayansi lilitolewa na Mskoti George Don mwaka 1832, lakini mmea wenyewe ulikuwapo Afrika kabla ya mzungu yeyote kuuona. Asili yake ni nchi za joto za bara hili, na huota wenyewe kandokando ya barabara, katika mashamba yaliyopumzishwa na penye nyasi karibu na maji.

Ukoo wake ni mkubwa. Duniani kuna aina zipatazo 700 za Crotalaria, na zaidi ya 500 kati yake ni za Afrika na Madagaska. Mtaalamu Roger Polhill wa bustani za Kew, Uingereza, alizikusanya na kuzieleza katika kitabu kinene kilichotoka mwaka 1982. Katika ukoo huo wote, marejea ndiyo yaliyopata bahati ya kuingia katika mashamba ya Songea kwa mikono ya watu.

Ukitaka kuyatambua, tafuta mmea uliosimama wima, mara nyingi kimo cha mtu au zaidi kidogo, wenye majani membamba yanayokaa matatumatatu kwenye kikonyo kimoja. Maua hujipanga kwenye ncha ya tawi na kufunguka kuanzia chini kwenda juu, kidogo kidogo, hivyo tawi moja huwa na maua kwa muda mrefu. Rangi yake ni manjano iliyopauka, na ukiinama karibu utaona michirizi myembamba ya hudhurungi imepita kwenye petali kubwa ya nyuma. Baadaye hutoka maganda yaliyovimba ambayo yakikauka, ukiyatikisa, mbegu hulia ndani.

Peramiho ilivyoyatangaza

Huwezi kuandika habari za marejea bila kufika Peramiho, kilomita zipatazo 24 magharibi mwa Songea. Wamisionari Wabenediktini walianzisha misheni hapo mwaka 1898, na kadiri miaka ilivyopita ikakua kuwa abasia yenye mashamba, karakana, hospitali na kiwanda cha uchapaji. Katika miaka ya 1980 mtawa mmoja wa abasia hiyo, Padre Gerold Rupper, aliyavalia njuga marejea. Aliyafanyia majaribio, akayaandikia, akawahimiza wakulima wayapande, na kijitabu chake juu ya matumizi ya mmea huu kikachapwa na Benedictine Publications Ndanda-Peramiho.

Wakati wenyewe ulidai hivyo. Ruvuma, pamoja na Rukwa, Mbeya na Iringa, ilihesabiwa kuwa mmoja wa mikoa minne mikuu inayolisha nchi mahindi. Mahindi hayo yalitegemea mbolea ya dukani, na nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea ikaondolewa, na waliokaa mbali na bandari ndio walioumia zaidi, kwa kuwa kila mfuko uliofika Songea ulibeba pia gharama ya safari ndefu. Ruzuku imerejea baadaye kwa mipango mbalimbali, wa karibuni ukiwa ule ulioanza msimu wa 2022/23. Hata hivyo, mkulima mdogo anajua kwamba mbolea ya mfuko ina bei yake na ina foleni yake.

Marejea hujitengenezea mbolea. Ng'oa mche mmoja taratibu wakati udongo una unyevu, ukung'ute mizizi, utaona vinundu vidogo. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi kwa ndani, basi kinafanya kazi: humo wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni kutoka hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mmea ukifukiwa, sehemu ya naitrojeni hiyo hubaki kwa ajili ya zao linalofuata.

Faida haziishii hapo. Marejea yakisongamana hufunika ardhi na kuyanyima magugu mwanga. Mimea ya ukoo huu hupunguza pia minyoo fundo, wale wanaovimbisha mizizi ya nyanya mpaka mmea unanyauka mchana ilhali udongo una maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, waliyajaribu majani yake kama chakula cha mifugo chenye protini. Na huko magharibi mwa Kenya, Waluo na Waluhya huyala majani machanga kama mboga, wakiiita mitoo.

Katika sifa zote hizo, ua limetajwa kidogo sana. Limechukuliwa kama alama ya kumwambia mkulima kwamba muda wa kukata umefika.

Ndani ya ua

Simama mbele ya marejea yaliyochanua asubuhi yenye jua, umande ukiwa umeanza kukauka. Hutakaa sana kabla ya kusikia mvumo mzito. Ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa boriti za nyumba na nguzo kavu, ambaye wengi humfukuza kwa fagio. Baadhi yao wana mkanda mweupe au wa manjano mgongoni. Akitua, ua zima huinama kwa uzito wake.

Uzito huo ndio unaotakiwa. Petali mbili za chini za marejea zimeungana kuwa kifuko kilichofungwa, chenye ncha ndefu iliyopinda kuelekea juu. Ndani ya kifuko hicho kuna stameni 10, tano zenye vichwa virefu na tano zenye vichwa vifupi, na katikati yake kuna kijiti cha sehemu ya kike ya ua chenye vinyweleo. Chavua humwagika humo ndani hata kabla ua halijafunguka vizuri. Nyuki anaposhika petali za pembeni kwa miguu na kukandamiza ili kichwa chake kifike kwenye mbochi iliyo chini kabisa, kifuko hushuka na kijiti husukuma chavua kupitia tundu dogo la ncha, kama pampu ya baiskeli inavyosukuma hewa. Chavua humpaka nyuki tumboni. Akiondoka, kifuko hurudi mahali pake, tayari kwa mgeni mwingine. Ua la pili analolitembelea hupokea chavua ya la kwanza.

Mdudu mdogo hana nguvu ya kufungua mlango huo. Nyuki wa asali huja pia kujaribu bahati yake, lakini ua hili limeumbwa kwa ajili ya nyuki wenye mwili mzito na ulimi mrefu: hao watoboa boriti, pamoja na nyuki wakata majani, wale wanaoacha matundu ya duara kwenye kingo za majani ya mawaridi. Wote hawa huishi mmoja mmoja, hawana mzinga, hawana asali ya kurina, na kwa sababu hiyo hakuna anayewahesabu wala kuwalinda.

Wageni wengine huja kwa shughuli zao. Vipepeo wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi zilizotiwa madoa meupe hukusanyika kwenye mashina ya Crotalaria yaliyonyauka au kuvunjika. Wengi wao ni madume, na hunyonya humo kemikali chungu wanazotumia kutengenezea harufu ya kuvutia majike. Nondo mdogo mweupe mwenye vidoa vyekundu na vyeusi hutaga mayai yake kwenye mmea huu, na viwavi wake hula majani na kutoboa maganda. Mwenye bustani atapoteza mbegu kiasi. Asikimbilie dawa, kwa kuwa maganda huwa mengi.

Faida kwa chungu cha nyumbani

Ripoti ya jopo la kimataifa la bioanuwai, IPBES, iliyotolewa mwaka 2016, ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 75 ya aina kuu za mazao ya chakula duniani hutegemea wanyama wachavushaji, ama kwa kiasi kidogo ama kwa kiasi kikubwa. Ripoti hiyo ilikumbusha pia kwamba dunia ina aina zaidi ya 20,000 za nyuki, nyingi mno zikiwa za mwituni. Nyuki wa mizinga ni kundi dogo tu kati yao.

Kwa Songea hesabu hiyo haihitaji kusomwa ripotini. Tazama boga. Mboga hii, ambayo majani yake, maua yake na tunda lake vyote huingia jikoni, ina maua dume na maua jike mbalimbali kwenye mmea mmoja. Maua hufunguka alfajiri na kusinyaa kabla ya mchana. Ndani ya saa hizo chache, ni lazima nyuki atoke kwenye dume aende kwenye jike, tena na tena. Asipofika, kiboga kichanga hugeuka manjano na kudondoka, na mama mwenye bustani hulaumu mvua au mbegu. Matango na matikiti ni hivyohivyo. Alizeti nayo hujaza vizuri zaidi pale wadudu wanapoitembelea.

Mbinga jirani, kwenye vilima vya Wamatengo, zao ni kahawa ya arabika. Mti huu unaweza kujichavusha wenyewe, lakini utafiti uliofanyika kwenye mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba pale nyuki walipofika, uzito wa matunda uliongezeka kwa asilimia 7 hivi. Hiyo ni faida isiyonunuliwa dukani.

Ili nyuki awepo siku boga linapochanua, lazima awe amekula wiki iliyotangulia na atakula wiki ijayo. Msitu wa miombo unaouzunguka mji, kuanzia safu za Matogoro kunakoanzia mto Ruvuma, humlisha vizuri kuelekea mwanzo wa mvua, miyombo mingi inapochanua. Msitu ukishamaliza, nyuki hutegemea maua madogo ya ardhini katikati ya msimu. Hayo ndiyo tunayoyapalilia, tunayoyachoma na tunayoyapiga dawa.

Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017, kinyunyizio kimekuwa sehemu ya kilimo cha mahindi. Dawa za kuua magugu nazo zimeenea, na mipaka ya mashamba iliyokuwa na maua sasa ni michirizi ya nyasi zilizokufa. Mjini, ua wa nyumba ukishafagiwa na kupandwa ukoka na bougenvilia iliyotoka Amerika ya Kusini, watu huridhika kwamba pamependeza. Panapendeza kweli kwa macho. Lakini nyuki wa hapa amezaliwa na maua ya hapa, na mwili wake umefanana na milango ya maua hayo.

Jinsi ya kuyapanda

Marejea si mmea wa kubembeleza. Yanataka jua, yanavumilia udongo mwembamba, na mzizi wake mkuu huenda chini vya kutosha kustahimili siku kadhaa bila mvua. Mbegu iulize kwa wakulima wanaoyapanda tayari, hasa upande wa Peramiho, au kwa bwana shamba wa kata yako. Hakikisha unapewa marejea yenyewe na si ndugu yake wa porini.

Mvua zikishashika, mwishoni mwa Novemba au Desemba, lima kitalu chepesi. Piga mistari iliyoachana nusu mita hivi, sia mbegu nyembamba, funika kwa udongo kidogo tu kwa sababu mbegu ni ndogo. Palilia mara moja yakiwa machanga. Yakishapandana, yenyewe yatayanyamazisha magugu. Baada ya miezi miwili hadi mitatu utaanza kuona manjano.

Kwenye shamba la mahindi, usiyasie marejea siku moja na mahindi, la sivyo marejea yatayasonga mahindi. Subiri mahindi yashike, upalilie, ndipo usie marejea katikati ya mistari. Mahindi yakikomaa, marejea yatapata nafasi ya kupanda juu na kuchanua wakati shamba jingine lote limekauka. Ukigawa mbegu zako mara mbili, nusu mwanzoni mwa mvua na nusu mwezi Februari, nyuki watapata chakula kwa kipindi kirefu zaidi.

Kwa bustani ya nyumbani, mstari mmoja unatosha. Uweke upande ambao hautaziba jua la mboga fupi, karibu na maboga na matango. Ukifika wakati wa kukata kwa ajili ya mbolea, kata na ufukie sehemu kubwa, uache ule mstari wa pembeni. Acha pia gogo kavu au nguzo kuukuu mahali pasipo na hatari kwa paa lako, ili nyuki mweusi atoboe hapo badala ya boriti ya nyumba. Na kama ni lazima kupiga dawa kwenye mahindi, piga jioni nyuki wakisharudi, na usielekeze kinyunyizio kwenye maua.

Maganda yakigeuka kahawia na kuanza kulia, yachume asubuhi yangali na unyevu, kwa maana jua likiwaka hupasuka na kumwaga mbegu. Yaanike, yapure, utunze mbegu pakavu. Hapo utaona kwamba mstari wa nyuki umekuwa pia ghala lako. Anayefukia marejea yote atarudi kuomba mbegu kila mwaka. Aliyeacha mstari anazo.

Neno la tahadhari

Crotalaria si zote salama. Baadhi ya aina zina sumu inayoharibu ini la ng'ombe, farasi na hata binadamu, na kwa mbali zinafanana. Kwa hiyo usimpe mnyama mmea ambao huna hakika nao, usichanganye mbegu za aina yoyote ya Crotalaria na nafaka ya kula, na usichume mboga porini kwa kukisia. Walaji wa mitoo hutumia majani machanga ya aina wanazozijua tangu kwa bibi zao, na hata hao hawali mbegu. Kwa anayepanda kwa ajili ya udongo na nyuki, kugusa mmea, kuukata na kuufukia hakuna tatizo.

Tuanze msimu huu

Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 20 Mei kuwa Siku ya Nyuki Duniani, na imeadhimishwa tangu mwaka 2018. Hotuba huwa nyingi siku hiyo, na mizinga hugawiwa. Mizinga ni mizuri, ila mzinga bila maua ni sanduku. Shule za msingi zenye bustani, makanisa na misikiti yenye viwanja, ofisi za kata na kila kaya yenye kipande cha ardhi zina uwezo wa kufanya jambo ambalo halihitaji mfadhili wala semina.

Songea ina kila kinachotakiwa. Mmea ni wa hapa, nyuki ni wa hapa, na ujuzi wa kuupanda mmea huo uliandikwa na kuhubiriwa hapahapa Peramiho. Kilichobaki ni kubadili desturi moja. Ndugu msomaji, mvua za Novemba zikianza, sia marejea yako kama kawaida. Na siku ya kuyafukia ikifika, mwambie mwenye jembe asifike kwenye mstari wa mwisho.